Haidroksiyurea ya miligramu 500 kwa selimundu: dawa nzuri, kipimo kisichomtosha mtoto

Kunjua karatasi iliyomo kwenye boksi la haidroksiyurea, na mara nyingi utakutana na saratani ya damu kabla hujakutana na selimundu. Mzazi aliyeandikiwa dawa hiyo kwa ajili ya mtoto wake husoma mstari huo, anashtuka, boksi linawekwa juu ya kabati na halishuki tena. Ndiyo kasoro ya kwanza ya bidhaa hii, na nyingine karibu zote ni ndugu zake: kapsuli ya 500 ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye saratani. Dawa iliyomo ndani yake inastahili sifa zote.

Ni dawa kongwe. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, na Marekani ikairuhusu kwa saratani mwaka 1967. Safari yake kuja kwenye selimundu ilianzia kwa watoto wachanga. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, alieleza kwa nini mtoto mwenye selimundu haugui miezi ya mwanzo: bado ana himoglobini F, ile aliyotoka nayo tumboni. Himoglobini hiyo huizuia ile yenye kasoro isigandamane na kuipinda chembe nyekundu mfano wa mundu. Katika miaka ya 1980 ikaonekana kuwa haidroksiyurea inaweza kuirudisha. Samuel Charache wa Johns Hopkins, Baltimore, ndiye aliyeongoza jaribio lililomaliza ubishi. Wagonjwa watu wazima 299 waligawanywa, wengine wakipewa dawa na wengine kapsuli zisizo na dawa, bila mgonjwa wala daktari wake kujua nani anameza nini. Mwanzoni mwa 1995 jaribio likasitishwa kabla ya muda kwa sababu jibu lilikwishapatikana: mgonjwa wa katikati kwenye kundi la dawa, wakipangwa kuanzia mwenye mashambulio machache hadi mwenye mengi, alipata mashambulio ya maumivu 2.5 kwa mwaka, wa kundi la pili 4.5. Waliohitaji kuongezewa damu walikuwa 48 dhidi ya 73. Kibali kwa watu wazima wenye selimundu kikatoka 1998.

Hoja iliyobaki kwetu ilikuwa malaria. Dawa inayoshusha chembe nyeupe, je, haitamwacha mtoto wa Kilifi, Kenya, au Mbale, Uganda, bila kinga? Jaribio la REACH lilijibu hapohapo Kilifi na Mbale, pamoja na Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018. Malaria haikuongezeka, ilipungua karibu nusu. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu, na vifo pia vilishuka.

Sasa tuje kwenye kapsuli. Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 25 kwa dozi ya 20 anameza kapsuli moja, hesabu imekwisha. Wa kilo 35 anahitaji 700, na hapo madaktari wengi huandika moja leo, mbili kesho, wastani 750. Shida ni wa kilo 12. Anahitaji 240, na kapsuli haina nusu. Kuifungua na kugawa unga kwa macho juu ya sahani ni kosa: leo anapata 150, kesho 350, na unga unabaki mezani na vidoleni. Njia inayofaa ni kuyeyusha kapsuli nzima kwenye maji hadi kufikia mililita 10, kila mililita ibebe miligramu 50, kisha kuvuta mililita 4.8 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ukungu unaobaki chini ni vijazio vya kapsuli. Hii ni kazi ya famasia, au ya mzazi aliyeonyeshwa na mfamasia, akiwa amevaa glavu. Mjamzito asiuguse unga huo kabisa.

Ukipata vidonge vya Siklos, haidroksiyurea ileile kwa miligramu 100, chukua hivyo kwa mtoto mdogo bila kusitasita. Vinayeyuka kwenye kijiko cha maji, hesabu inakaa sawa, na hakuna unga wa kupeperuka.

Usihukumu dawa hii kwa mwezi mmoja. Inahitaji miezi 3 hadi 6, na wengi wanaosema haikuwasaidia waliacha wiki ya sita au hawakupandishiwa dozi. Dozi hupandishwa kwa miligramu 5 kwa kilo kila wiki 8 hivi, kikomo miligramu 35 kwa kilo, na kila hatua inaamuliwa na kipimo cha picha kamili ya damu, ile FBP. Angalia mistari mitatu kwenye karatasi ya maabara. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zikishuka chini ya 2.0, au chembe sahani, zile zinazogandisha damu, chini ya 80 (zote kwa maelfu kwa kila mikrolita), daktari husimamisha dawa, hupima kila wiki hadi zipande, kisha huanza tena na dozi iliyopunguzwa kwa 5. Watoto wadogo wengine huvumilia nyutrofili hadi 1.25. Mstari wa tatu ni MCV, ukubwa wa chembe nyekundu: dawa ikimezwa sawasawa, namba hii hupanda. Ikibaki palepale baada ya miezi 3, ama kapsuli hazimezwi ama dozi ni ndogo. Ila mwenye alfa-thalasemia, hali ya kurithi inayofanya chembe nyekundu ziwe ndogo, na hao ni wengi ukanda wa pwani, MCV yake haipandi sana, kwa hiyo asihukumiwe kwa namba hiyo peke yake.

Kituo kinachotoa dawa bila kupima damu hakijatoa huduma kamili, hata kama kapsuli ni za bure.

Kucha na viganja vinaweza kuwa vyeusi, haina madhara. Kichefuchefu hupungua dawa ikimezwa usiku. Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili. Wanaotarajia kupata mtoto, mke au mume, wazungumze na daktari kabla, maana dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni na hupunguza mbegu za kiume. Foliki asidi, Pen V (penisilini ya kumeza), chandarua na chanjo vinaendelea kama kawaida. Homa ikifika nyuzi 38.5, ni hospitali siku hiyohiyo, na mwambieni anayempokea mtoto kwamba anatumia haidroksiyurea ili FBP ichukuliwe kwanza.

Dukani, boksi linaweza kuandikwa hydroxyurea au hydroxycarbamide. Ni dawa ileile, msinunue zote mbili. Na mtoto apimwe uzito kila kliniki. Dozi ya kilo 12 haimtoshi akishafika 16.