Uzoefu wangu: filamu za Elisha Cook Jr. kwenye diski, na namna ya kuipima nakala

Kwenye mabanda ya video kila mtoto anaijua kanuni: stelingi hafi. Elisha Cook Jr., mwigizaji wa Marekani, karibu maisha yake yote ya sinema hakuwa stelingi, kwa hiyo alikufa sana. Alipigwa risasi, akanyweshwa sumu, akanyongwa. Hapa natathmini nakala za filamu zake nilizotazama kwenye diski na mtandaoni, nikitumia kipimo kimoja tu: je, uso wake unaonekana? Nitataja anavyokufa, maana kazi yake kubwa iko hapo. Asiyetaka kujua mwisho wa filamu aishie hapa.

Kumpata ni kazi. Alizaliwa San Francisco mwaka 1903, akafa 1995, na kati ya hapo aliigiza kwa zaidi ya miaka 50, lakini kava za diski zina sura za mastaa wa filamu hizo: Humphrey Bogart, Alan Ladd au Vincent Price. Ukitafuta kwa jina lake utakosa vingi, tena kwenye orodha za waigizaji huandikwa mara na "Jr.", mara bila. Tafuta kwa jina la filamu na mwaka.

Anza na The Maltese Falcon ya 1941. Cook ni Wilmer, kijana mwenye bastola mbili anayemlinda bosi mnene, na hapo mwigizaji mwenyewe alikuwa anakaribia miaka 38. Bogart, ambaye ni mpelelezi, anamdhalilisha kila wanapokutana: anamvuta koti mpaka mikono inabanwa, anampokonya bastola, kisha anamkabidhi bosi wake kama mtu anayerudisha mzigo uliosahaulika. Katika picha moja ya karibu Wilmer anatishia huku machozi yanamlenga. Hicho ndicho kipimo changu cha nakala. Kwenye diski nzuri unaona yale maji machoni. Kwenye nakala iliyobanwa sana kupunguza ukubwa wa faili, macho ni madoa mawili ya kijivu na Wilmer anabaki kuwa mhuni wa kawaida. Filamu ni ileile, ila mhusika ameshabadilika.

Kabla hujalaumu diski, kagua TV. Filamu hizi za kabla ya 1953 zina umbo linalokaribia mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. TV ya leo ni 16:9, na kiwandani nyingi hutoka zikiwa zimepangwa kujaza kioo. Ikivuta picha kwa upana, kila uso unanenepa kwa karibu theluthi moja, na Cook, ambaye wembamba wake ni nusu ya mhusika, anageuka mtu wa kawaida. Ikikuza na kukata, unapoteza karibu robo ya picha, juu na chini. Chagua ukubwa halisi wa picha na ukubali mistari myeusi pembeni. Zima pia kipengele cha kulainisha mwendo. Kinabuni fremu zisizokuwepo, na mishtuko midogo ya mikono yake inateleza kama tamthilia ya mchana.

Kuna jambo la sauti ambalo wengi hawalijui. DVD za PAL, mfumo mmojawapo wa picha za TV, huendesha filamu kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Filamu ya Shane yenye dakika 118 inaisha kwa takriban 113, na kama sauti haikurekebishwa inapanda kidogo. Kwa Bogart hutaona tofauti kubwa. Cook ana sauti nyembamba tangu mwanzo. Ikipanda tena inaelekea kuchekesha. Blu-ray haina tatizo hilo filamu inapowekwa kwa fremu zake 24. Halafu kuna kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengewa: kwa Tanzania na Kenya, DVD ni kanda ya 5 na Blu-ray ni B. Diski ya Marekani yenye kufuli la kanda haisomi kwenye deki ya kwetu isiyofunguliwa. Soma alama nyuma ya kava kabla ya kulipa, si baada.

Shane (1953) ndiyo yenye mjadala wa umbo. Ilipigwa kwa 1.37, lakini ilipotoka majumba ya sinema yalikuwa yanakimbilia vioo vipana, ikaonyeshwa ikiwa imekatwa. Blu-ray ya 2013 nayo ilipangwa itoke imekatwa, wapenzi wa filamu wakapiga kelele, ikatoka na umbo la awali. Nunua hiyo. Cook ni Torrey, mkulima wa kusini mwenye kiburi, anayetembea kwenye tope kumkabili Jack Palance, muuaji wa kukodiwa, aliyesimama juu kwenye ubao mkavu. Tofauti ya kimo kati yao ndiyo hukumu yenyewe, na ukikata picha juu na chini unaipunguza. Risasi inapomfika anarushwa nyuma kwa kuvutwa na waya. Miaka hiyo waliopigwa risasi kwenye filamu za cowboy walishika tumbo na kulala polepole. Huyu anarushwa kama gunia. Sikiliza pia mlio wa bastola, ambao uliongezwa makusudi kupita ukubwa wa kawaida. Usiupunguze kwa rimoti.

Kwangu nakala bora kuliko zote ni The Killing ya 1956, filamu ya Stanley Kubrick, kwenye Blu-ray ya kampuni ya Criterion. Ina filamu ya pili ndani, Killer's Kiss, na ni ya kanda A, kwa hiyo hakikisha deki yako. Stelingi hapa ni Sterling Hayden, jina limejitosheleza. Wanapanga kuiba dola milioni mbili kwenye uwanja wa mbio za farasi, na Cook ni George, karani wa dirishani, kazi yake kumfungulia mwenzao mlango kutoka ndani. Mpango hauharibiki kwa sababu ya polisi. Unaharibika kwa kuwa George anamwambia mkewe, Marie Windsor, aliyemzidi kimo na akili. Angalia George anavyomtazama mkewe kwa chini wakiwa sebuleni, halafu urudie mara ya pili ukiangalia mikono yake tu.

Phantom Lady ya 1944 ndiyo mtihani wa giza. Cook anapiga ngoma kwenye chumba kidogo cha chini, kamera imeinamishwa, jasho linamtoka. Mtandaoni, kwa bando dogo, vivuli vinavunjika kuwa vibokisi na jasho halionekani. Usiitazame chini ya ubora wa 1080. The Big Sleep (1946) haidai sana picha, inadai masikio. Cook anampa muuaji anwani ya uongo ili kumlinda mwanamke, kisha anakunywa sumu huku Bogart anasikiliza kutoka chumba cha pili. Mazungumzo ni ya kasi, washa maandishi ya Kiingereza. Ukipata diski yenye toleo la 1945 lililoonyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani, ni nyongeza nzuri, ila si kwa ajili ya Cook.

House on Haunted Hill (1959) sharti uwe makini. Hakimiliki yake Marekani ilikwisha, kwa hiyo yeyote anaweza kuiuza. Matokeo yake ni nakala za nakala: nyeupe imeungua, nyeusi imekuwa tope. Filamu inaanza kwa kichwa cha Cook kikielea gizani kikizungumza na wewe. Kama hicho kichwa kina ukungu kuzunguka nywele, funga, tafuta nyingine. Dakika mbili za mwanzo zinatosha kuamua.

Upande wa televisheni nitakuwa mfupi. Kipindi cha Star Trek kiitwacho "Court Martial" (1967) kinamwonyesha kama wakili Cogley anayependa vitabu na kuchukia kompyuta, na hapa hafi. Blu-ray yake inakuruhusu kuchagua madoido ya zamani au mapya. Kwa mandhari ya mahakamani haibadilishi chochote. Miaka ya 1980 alikuwa Ice Pick, bosi wa wahalifu, kwenye tamthilia ya Magnum, P.I., akiwa mzee tayari na mwenye raha zake.

Alama: The Killing 5 kati ya 5, Shane ya 2013 nayo 5, The Maltese Falcon 4, Phantom Lady 4 ukiwa na diski na 2 ukiwa na bando. Kama una hela ya moja tu na deki yako inasoma kanda A, chukua The Killing: ina dakika 84 tu, na hakuna nyingine kati ya hizi inayomwacha mbele ya kamera muda mrefu hivyo.