Nimelipia albamu ya jazi ya kudaunlodi, wimbo umekatika katikati, halafu nikaambiwa shida ni nchi yangu

Kuna mshkaji wangu yuko Uyole kila tukionana ananiuliza, hizi albamu za jazi zinazouzwa kwa kudaunlodi tu, yaani hamna CD hamna santuri, zina thamani ya hela au bora mtu ajikusanye aagize CD yake? Ungeniuliza mwaka juzi ningekwambia nunua tu. Leo nasema usinunue, acha kabisa, na sababu ni duka moja la mtandaoni la huko Ulaya ambalo jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Ilikuwa kipindi cha baridi, ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita wa saba ambayo saa moja jioni kila mtu keshajifungia ndani. Nikaona kuna vijana wanne wametoa rekodi ya laivu, piano, saksafoni, besi na ngoma, nikasikiliza kile kipande cha kuonjesha nikaipenda hapo hapo. Inauzwa kwa kudaunlodi tu. Nikalipa kwa ile kadi ya kwenye simu, hela ikakatwa sekunde hiyo hiyo, kwenye kukata hela hawajawahi kukosea hawa. Nikasubiri usiku nikaweka bando kubwa maana mafaili yenyewe mazito, yakashuka yote, nikachomeka sabufa nikazima taa nikatulia.

Wimbo wa mwisho ni mrefu. Piano inaanza, saksafoni inaingia, wanapandishana mpaka watu ukumbini wanapiga kelele, halafu wote wananyamaza anabaki mpiga besi peke yake. Yule kijana anapiga taratibu sana, unasikia kabisa vidole vinavyosugua nyuzi, kuna mtu anakohoa kwa mbali, halafu anavuta ule uzi mnene wa chini anauacha uungurume wenyewe... na hapo krrrr, kimya. Wimbo umeisha. Programu imeruka imerudi wimbo wa kwanza kana kwamba hamna kilichotokea.

Nikasema sawa, labda bando. Nikashusha tena. Palepale, kwenye ule ule uzi. Nikaenda ofisini kwa binamu yangu pale Forest ambako wana faiba, nikashusha kwa kompyuta yao, palepale! Yaani noti ile ile, na lile krrr lile lile. Sasa mtu yeyote mwenye akili anajua faili lingekuwa linakatika kwa sababu ya mtandao lisingekatika sehemu moja kila mara na kwa mashine tofauti. Faili lao ndilo bovu, limepandishwa likiwa bovu.

Nikawaandikia kwa adabu zote. Nikawapa jina la wimbo, nikawatajia na dakika ambayo inakatika, nikawaambia sitaki hela irudi, nataka wimbo wangu uishe. Wakakaa kimya siku kadhaa. Majibu yalivyokuja ni kwamba tatizo linatokana na ubora wa intaneti nchini kwako, tunakushauri utafute muunganisho imara zaidi, halafu wakaongeza kwamba nafasi zangu za kupakua zimekwisha hivyo nikitaka tena ninunue upya.

Jamani. Ninunue upya!

Hakufungua faili huyo mtu aliyenijibu. Angefungua akasikiliza hiyo dakika niliyomtajia angesikia mwenyewe, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Yeye ameangalia anwani akaona Tanzania, akamaliza kesi. Mkongo wa taifa umepita hapa Mbeya unaelekea Tunduma, watu wanafanya mikutano ya video na China wakiwa Mwanjelwa, halafu mtu amekaa huko anakwambia nchi yako ndiyo imekata besi. Iliniuma kuliko hela. Hela ni kidogo tu, nisiwe muongo, lakini dharau ile bado imenikaa kifuani mpaka leo.

Na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba yule mpiga besi mpaka leo simjui jina. Nilichopewa kwenye ile hela ni mafaili na kapicha kadogo ka jalada ukikakuza kanakuwa vumbi. Hamna kijitabu, hamna nani kapiga nini, hamna wamerekodi ukumbi gani wala mwaka gani. Jina la kiongozi wa bendi basi. Kwenye bongo fleva sawa, unamjua msanii na prodyuza yatosha, ila kwenye jazi wale watu wa pembeni ndio muziki wenyewe. Chukua Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, albamu ya jazi inayojulikana kuliko zote. Piano humo ni ya Bill Evans, ila wimbo wa pili anakaa Wynton Kelly. Ukiwa na kijitabu unajua, na ukishajua unasikia, Kelly ana mguso wa bluzi wa kucheka cheka hivi na Evans yuko kimya kimya. Ukiwa na faili limeandikwa Miles Davis namba 02 unadhani ni mtu mmoja siku hiyo kabadilika roho.

Tena hiyo hiyo albamu, nyimbo tatu za mwanzo kwa miaka mingi zilikuwa zinatoka na sauti iliyopanda kidogo kwa sababu mashine ya tepu siku ile ilikuwa na mwendo usio sahihi, wakaja kurekebisha kwenye toleo la 1992. Mimi napiga kinanda kwaya ya kanisani, nikijaribu kufuatisha vitu kama hivyo nataka kujua nimeshika toleo gani. CD nyuma imeandikwa mwaka na kampuni. Faili linakwambia nini? Halikwambii kitu.

Halafu kuna A Love Supreme ya mpiga saksafoni John Coltrane. Hii ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa CD na nitabaki hivyo. Nilikuwa nayo kwenye flashi miaka, nimerushiwa na mtu, naisikiliza naipenda lakini sehemu ya mwisho nilikuwa naona kama Coltrane anazunguka zunguka tu bila mapigo. Baadaye nikapata CD iliyotumika, ikaja kwa posta mpaka kwenye sanduku letu, bahasha imekunjika kona moja lakini ndani salama. Nikafungua kijitabu nikakuta kuna shairi, sala aliyoandika Coltrane mwenyewe ya kumshukuru Mungu. Na ile sehemu ya mwisho, Psalm, ni hilo shairi! Saksafoni inasoma maneno silabi kwa silabi. Nilikaa kitandani na kijitabu mkononi, kidole kinafuata mstari, na kila akifika kwenye kumshukuru Mungu saksafoni inashuka chini kama mzee wa kanisa anavyofunga sala. Nikarudia, nikamwita mke wangu naye akafuata kwa kidole. Sasa niambie, anayeuziwa nyimbo zile bila hilo karatasi ameuziwa nini? Walirekodi tarehe 9 Desemba 1964 pale studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, Coltrane na McCoy Tyner kwenye piano na Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma, na hayo yote nimeyasoma kwenye kijitabu.

Na jambo lingine, sehemu ya tatu na ya nne pale zinaungana, Garrison anabaki peke yake na besi halafu anaingiza sala. Kwenye CD inapita kama maji. Kwenye simu yangu mafaili yanaweka kimya katikati, sekunde tu lakini inatosha kuharibu. Besi tena. Sijui hawa watu wa mafaili wana ugomvi gani na wapiga besi.

Sasa nisiwadanganye, CD nazo zina mateso yake. Nauli ya mzigo kutoka Ulaya au Japani mara nyingi inazidi bei ya CD yenyewe. Hapa mjini huzipati, ukienda Mwanjelwa utapata za kuchoma, gospo na mchanganyiko wa zamani, jazi hamna. Laptopu za siku hizi hazina hata pa kuingizia. Deki yangu kiangazi hiki ilianza kukataa kusoma, nikaipeleka kwa fundi, akaifungua akafuta lenzi na pamba, akaniambia "Kaka hii imechoka, na lenzi za hizi hazipo tena, ukipata deki nyingine kuukuu nunua uniletee nitoe lenzi yake." Kwa hiyo hata mimi ninayepiga kelele hapa naomba Mungu hiyo deki isinife.

Na kiukweli wale vijana wanne siwalaumu hata kidogo. Kutengeneza CD ni hela, kuituma ni hela, bendi ndogo isiyo na kampuni nyuma yake itatoa wapi? Kama wangesubiri wapate hela ya kuchapisha, mimi wa Mbeya nisingewasikia kabisa. Na nimenunua kwa kudaunlodi sehemu nyingine sijapata shida. Bandcamp kwa mfano (na sio hao ninaowalalamikia, muelewe) ukinunua unaweza kurudi kushusha tena hata simu ikiibiwa, na Machi 2020 corona ilivyoanza walitoa Ijumaa nzima wakaacha kuchukua fungu lao ili hela iende kwa wanamuziki. Kuna albamu nimeinunua humo imekuja na kijitabu cha PDF, majina yote, picha, mpaka aliyetengeneza ngoma katajwa. Hiyo nimeridhika nayo kabisa, nyota tano. Kwa hiyo pengine tatizo sio kudaunlodi, tatizo ni mwenye duka.

Nilikuwa nataka niishie hapo. Ila nimerudi kusoma masharti ya lile duka, na nimekuta mle ndani kwamba sikununua albamu, nimenunua ruhusa ya kusikiliza, na ruhusa yenyewe siwezi kumpa mtu wala kuiuza. Baba mdogo yuko Makambako ana santuri za Morogoro Jazz mpaka leo. Mpiga gitaa wao wa enzi hizo Mbaraka Mwinshehe amefariki Januari 1979, kampuni zilizochapa zimeshakufa au kubadilika majina, na santuri inazunguka, inakwaruza kidogo lakini gitaa unalisikia. Hamna mtu anayeweza kumwandikia baba mdogo kwamba nafasi zako zimekwisha. Na amesema akifa ni zangu. Mimi mwanangu nitamwachia nini, neno la siri? Hapana, hasira yangu iko palepale.

Kwa mshkaji wangu wa Uyole basi: kama albamu ina CD, hata kuukuu, agiza CD. Kama ipo ya kudaunlodi tu, nunua pale tu wanapokuruhusu kurudi kushusha na wanapokupa kijitabu, na siku hiyo hiyo weka nakala kwenye flashi mbili. Lile duka langu nyota moja, na hata hiyo ni ya vijana waliopiga. Nimewatafuta wale vijana wenyewe, nimewaandikia kwamba wimbo wao unakatika kwenye besi na nimeuliza mpiga besi ni nani, hawajajibu bado.

Na ninyi wa Iringa na Njombe, kamwene, kama kuna mtu huko anaagiza CD za jazi kutoka nje aniambie, tuagize kwa mzigo mmoja tugawane nauli, mimi nitashuka kuzifuata hata Mafinga. Na mwenye deki kuukuu yenye lenzi nzima asiitupe, naitaka.