AO3 kwa wanaopenda kapo, na kwa sisi tunaotaka marafiki waachwe wawe marafiki

Jamani leo naandika kuhusu Archive of Our Own, wengi wanaiita AO3, ile saiti ya hadithi za mashabiki, yani mashabiki wa vitabu au filamu wanawaandikia wahusika wake hadithi mpya, manake kila nikiwaambia watu hapa Mombasa wanadhani nawauzia kitu. Hakuna kinachouzwa. Ni bure, haina matangazo hata moja, inaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango ya wasomaji, shirika lao lilianza 2007, saiti ikafunguliwa kwa watu wote 2009, na 2019 ikapata tuzo ya Hugo ambayo kwa watu wa hadithi za sayansi na fantasia ni heshima kubwa kabisa.

Ila kilichonishika mie ni mkwaju, ile alama ya /. Pale mwandishi akitaka kusema wahusika wake wawili ni kapo anaweka / katikati ya majina, ujue hapo pana mahaba. Akiweka & basi ni urafiki, au undugu, au mtu na mwalimu wake, mapenzi ya kimwili usiyatafute. Alama mbili tu lakini zinanipa raha ambayo sijaipata kwengine.

Mfano Jo na Laurie, msichana na rafiki yake wa kiume katika riwaya ya Little Women. Sehemu ya kwanza ilipotoka 1868 wasichana walianza kumuandikia barua Louisa May Alcott wakitaka kujua nani ataolewa na nani, naye akaandika kwenye shajara yake kwamba hatamuozesha Jo kwa Laurie ili kumfurahisha mtu yeyote, na kweli 1869 sehemu ya pili Laurie akakataliwa akaenda kumuoa Amy, mdogo wake Jo. Zaidi ya miaka 150 sasa na kuna watu hawajasamehe, dadangu akiwa mmoja wao. Yeye anasoma Jo na Laurie wa mkwaju mpaka alfajiri, mie nasoma wa &, na hatugombani tena kama zamani.

Mie kwa Alcott nasimama naye, na sababu ninayo. Nimekulia Majengo, jirani yetu alikuwa mvulana wa rika langu, tumesoma chuoni pamoja, tumekula viazi karai sahani moja, na tangu nina miaka 12 kila mama pale mtaani akituita bwana na bibi harusi. Ilinichosha wallahi. Nampenda sana yule mtu mpaka leo lakini sio hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba kuna kupenda kusikokuwa na posa ndani yake. Alipooa mie ndie niliyezunguka Biashara Street kutwa nzima kutafuta kanga za sanduku la mkewe, nataka jina linalofaa sio jina la mafumbo, na watu wakinipa pole. Pole ya nini? Kwa hivyo nikiona mashabiki wanachukua kila marafiki wawili walioangaliana wanawafanya wapenzi, roho inaniuma, ni kama urafiki ni kitu kilichokosa kuiva.

Sasa msinione sipendi mahaba, nayapenda sana, lakini nataka yapikwe. Tegi ninayotafuta kwanza ni slow burn, yani mapenzi ya moto mdogo, nataka chapta ishirini watu wanajuana, nani anakunywa chai bila sukari, nani akikasirika hunyamaza. Wale maadui wanaogeuka wapenzi pia nawasoma kwa sharti moja, radhi iombwe na niione ikiombwa. Amemtukana chapta kumi halafu ya kumi na moja amemshika mkono basi yameisha? Hayo mie siyaamini. Kuna apu nyingine sitaitaja, nilikuwa nalipia koini kila chapta, na kila hadithi tajiri kamuoa msichana kwa lazima, kamfungia ndani, mwisho tunaambiwa ndio penzi la kweli. Nilifuta.

Utumiaji wake: kusoma hadithi nyingi hauhitaji akaunti, kuandika ndio unaomba mwaliko na kusubiri. Nikiwa na waifai napakua hadithi kwa EPUB, yani faili ya kitabu cha simu, nikipanda feri ya Likoni nasoma bila bando. Ukitaka hadithi ya kapo yako peke yake bila kapo zengine kuingia kati, nenda pale pa kutafuta ndani ya matokeo uandike otp:true, hiyo nilifundishwa nikajuta siku zote nilizopoteza. Reitingi iangalie kabla hujampa mtoto simu, mambo ya watu wazima yapo mengi na yameandikwa wazi juu.

Nyota 4 na nusu. Ile nusu niliyokata ni ya waandishi wanaoweka / na & kwa watu wale wale ili wapate wasomaji wa pande zote mbili, unafungua ukitaka urafiki, chapta ya tatu wanabusiana.

Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha lakini hadithi ni chache mno, kwa hivyo nimeanza yangu, muuza kahawa wa Mji wa Kale na fundi charahani wa dirisha linalomwangalia. Niko chapta ya nne na mpaka sasa sijajua katikati ya majina yao niweke nini.