Google Flights kwa batu ba Lubumbashi: nzuri ya kuchunga bei, tiketi unakatia kwingine

Kama uko Lubumbashi na unatafuta ndeke ya kwenda inje, Google Flights mi naipa nyota nne juu ya tano, na nitaeleza vizuri, juu siku hizi bei zinapanda na batu bengi banakata tiketi na woga tu, bengine banangoja bei ishuke mpaka safari inabakia wiki mbili na wanalipa ile ya juu kabisa.

Kwanza mujue kama yenyewe haiuzishe tiketi. Google ilinunua kampuni moja inaitwa ITA Software, dola milioni 700, kazi ikaisha mu 2011, na mwaka ule ule wakatoa hii programu. Inakusanya bei za makampuni ya ndeke, inakuonyesha, halafu inakutuma kwa mwenye kuuzisha. Bure.

Kitu napenda sana ni ile kalenda. Unaandika FBM, njo uwanja wetu wa ndeke wa Luano, unaandika kwenye unaenda, DXB kama ni Dubai, CAN kama ni Guangzhou, unafungua tarehe, na chini ya kila siku unaona bei yake, zile za chini ziko na rangi ya kijani. Unasogeza safari siku mbili tatu, unaona dola zinabadilika pale pale machoni. Mbele ulikuwa unalomba mama wa ajansi aangalie tarehe moja, tena ingine, tena ingine, mpaka anachoka na wewe. Halafu kuko kitufe cha kufuatilia bei: unakiwasha, bei ikipanda ama ikishuka banakuandikia mu email, hakuna haja ya kumaliza mega kila siku kutafuta.

Sasa ile ya kusema ukate siku gani. Mashauri mingi inazunguka mu intaneti, kata siku ya pili (mardi) usiku, futa historia ya telefone, zile zote achana nazo. Ndeke moja viti vyake vya nyuma (classe économique) viko na bei mingi tofauti, kila bei na herufi yake, na kampuni inaweka viti vichache mu bei ya chini. Vikiisha, wewe unapewa herufi inayofuata. Kwa hiyo bei haikupanda juu uliangalia mara mingi, ilipanda juu kuko mwenye alilipa mbele yako. Na kama muko familia ya batu bane na kiti cha bei ya chini kinabakia kimoja, mashini mara mingi inabapa bote bane ile bei ya juu, basi jaribu kutafuta mutu mumoja kwanza, ulinganishe.

Kwetu hapa ile inauma zaidi. Kutoka Luano kwenda inje unahesabu Ethiopian kupitia Addis-Abeba, Kenya Airways kupitia Nairobi, Airlink ya Johannesburg, hazifiki mingi, kwa hiyo viti vya chini vinaisha mbio. Mashauri ya miji yenye iko na ndeke ishirini kwa siku hayatufae. Ongeza tena mafuta, yenyewe peke yake inakula kama robo mpaka theluthi ya gharama ya kampuni ya ndeke, ikipanda wanairudisha ku tiketi.

Mwezi wa 7 na wa 8, na kuanzia katikati ya mwezi wa 12, msingoje kitu. Bafanyabiashara ba Guangzhou bao wanajua: ile foire ya Canton, soko kubwa ya biashara ya pale Guangzhou, inaanzaka tarehe 15 ya mwezi wa 4 na tarehe 15 ya mwezi wa 10, na Afrika nzima inataka kiti mu wiki zile zile. Angalia kalenda mapema, utaona kijani kinavyopotea kufikia tarehe hizo.

Lakini kwa wengi kati yetu kitu chenye kinafanya tukate tiketi kwa kuchelewa si bei, ni viza. Ya Schengen (inchi za Ulaya) unaweza kuweka dosie kuanzia miezi sita mbele ya safari, na sheria inasema ikuwe siku 15 mbele kwa uchache. Batu banaweka ku zile wiki za mwisho, viza inatoka, wanakimbia ku ajansi, na viti vya chini vimeisha zamani. Dosie inalomba rezervasio, si tiketi yenye umeshalipa. Basi mi nasema hivi: dosie iingie mapema kabisa, siku hiyo hiyo uwashe kitufe cha kufuatilia, na siku viza inatoka, kama bei iko sawa na ile umekuwa unaona, kata. Usingoje ishuke dola 40, inaweza kupanda 200.

Nyota moja naondoa kwa sababu hii: bei ya kwanza unaona haikuambie yote kuhusu bagaji. Tiketi ya mizigo mbili za kilo 23 na tiketi ya muzigo moja zinaonekana sawa mu liste ya bei, na kwa mutu mwenye anaendaka Dubai kununua vitu ule muzigo wa pili njo safari yenyewe. Fungua mpaka mwisho, soma. Na ukiona kupandia ndeke Ndola, kule Zambia, iko bei ya chini, hesabu kwanza taksi mpaka ku mupaka wa Kasumbalesa, gari ya kule ngambo, na kulala.

Kulipa, mi nalipaka ku ajansi mu centre-ville, juu si kila mutu iko na karte ya benki. Peleka note safi, yenye kupasuka hata kidogo watakurudishia. Lomba bashike rezervasio na uulize inaisha saa ngapi, juu rezervasio haifunge bei mpaka tiketi itolewe. Kuko ajansi zinakupa karatasi yenye herufi sita tu, njo kodi ya rezervasio, na zinasema imeisha. Haiyaisha. Tiketi ya kweli iko na namba yenye tarakimu 13, ya Ethiopian inaanza na 071, ya Kenya Airways na 706. Iangalie ungali pale ku guichet, mbele dola hazijaingia mu tiroir.