Kopo la 85,000 na yule binti wa kaunta

Sikwenda pale kutafuta ugomvi. Nilikwenda kununua vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti na mboga za majani ambayo mwili huigeuza vitamini A, maana mume wangu anavuta sigara tangu ujana na wifi yangu kasikia mahali kwamba antioksidanti, yaani vitu vya kulinda chembe za mwili kama hiyo beta-karotini, zinasafisha mapafu. Duka liko Kariakoo, jina silitaji. Kiyoyozi chao kinapuliza mpaka meno yanagongana.

Nikamuuliza binti wa kaunta swali moja tu: mvuta sigara anaruhusiwa kumeza? Macho hayakutoka kwenye simu. "Mama, huyo ndiye anayezihitaji kuliko wote. Ameze mbili mbili." Nikasema nyumbani tunakula mchicha na viazi lishe, labda vinatosha. Hapo ndipo akaniangalia. Akamgeukia mwenzake: "Eti mchicha! Mama angu, utamaliza matuta mangapi upate ya kidonge kimoja?" Wakacheka wote wawili. Na mimi, mtu mzima, nikafungua pochi nikatoa shilingi 85,000. Kwa aibu, wala si kwamba nilishawishika.

Wiki kadhaa baadaye mtoto wa dada yangu, muuguzi, akaliona kopo juu ya friji. "Mama mdogo, nani anameza hizi?" Nikamwambia. Akavuta kiti. Kumbe huko Finland wavuta sigara zaidi ya 29,000, wanaume watupu, walijaribiwa vidonge hivi. Majibu yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Wamarekani nao wakausimamisha utafiti wao wa namna hiyo kabla ya muda, 1996. Sasa mimi niliuliza nini pale kaunta? Si hilo hilo!

Na mchicha uliochekwa hauna kesi na mtu. Ukiuunga kwa nazi, mafuta yale ndiyo yanayousaidia mwili kuichukua karotini. Nyanya nazo, zikiivia kwenye mafuta, ile rangi yake nyekundu inanyonywa vizuri kuliko mbichi. Bibi yangu hakulijua neno karotini, ila mchicha wa chukuchuku kwake hukuuona.

Haya, nisiwe na roho mbaya. Mume wangu alisema kifua kimekuwa chepesi. (Mwezi huo huo nilikuwa namfichia pakiti, kwa hiyo sijui tumshukuru nani.) Tena si kila kidonge ni uongo, vya madini ya chuma na foliki vya kliniki nimemeza mimba zote nne na nitamwambia binti yangu ameze. Hata yule msichana, pengine alikariri alichofundishwa na bosi wake. Nikawa nimeshaamua kuwapa nyota mbili.

Juzi nikarudi na kopo, limebaki nusu, niwaeleze kwa utulivu wasimuuzie mvuta sigara mwingine. Sijafika hata kaunta, nikamsikia: "Mama Mchicha karudi!"

Nyota mbili nimezifuta. Hii moja niliyoiweka ni ya mlinzi, alinishikia mwavuli mpaka kwenye bajaji.