Uzoefu wangu na klabu ya jogging ya mtaani, kwa mnaotaka kuanza tizi na joto hili la Dar

Wadau kila mwaka mpya ukiingia watu wanaulizana waanzie wapi mazoezi, na hapa Dar mwezi wa kwanza hadi wa tatu ndo joto lenyewe, nyuzi 32 mchana ni kawaida afu hewa nzito ya unyevunyevu. Mi nimejiunga na klabu moja ya jogging huku Kijitonyama, ya mtaani tu sio ya kishua, mchango elfu tano kwa mwezi, na kiukweli kwa mtu anayeanza kutoka sifuri naikubali kuliko gym zote nilizowahi kulipia.

Sababu kubwa ni kocha. Mgeni haingizwi kwenye mbio siku ya kwanza, kwanza anaulizwa una presha, una sukari, pumu, goti linasumbua, unameza dawa gani, na ukisema presha unaambiwa mama nenda kituo cha afya ukapime ndo urudi, hata ukinuna. Baada ya hapo wiki mbili nzima ni kutembea. Kutembea kwa kasi sawa, ila kutembea, labda na vidakika vya kukimbia katikati. Kuna vijana waliona wanadharauliwa wakaacha, lakini hapo ndo mi naona huyu mtu anaijua kazi yake, maana mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kulizoea joto, ndo uanze kutoa jasho mapema na moyo usiende mbio sana kwa kazi ileile. Kipimo chake ni maongezi tu, kama unaweza kuongea na mwenzio sentensi ikaisha endelea, ukianza kuhema katikati ya neno punguza, wala huhitaji saa ya bei mbaya.

Afu nailoni jamani. Watu wanajifunga nailoni tumboni au wanavaa majaketi mazito eti kitambi kikatike, na kocha anakuvulisha palepale kabla hatujaondoka. Kinachotoka pale ni maji, ukinywa yanarudi, mafuta yako palepale. Jasho linapoza mwili pale linapokaukia kwenye ngozi, na kwa unyevu wa Dar tayari linakauka kwa shida, sasa ukiliziba joto linabaki ndani linakuumiza. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kinagonga, kichefuchefu au misuli inakaza, unasimama, unakaa kivulini, unamwagiwa maji na kupepewa, unakunywa kidogokidogo. Mtu akianza kuongea visivyoeleweka au akazimia hiyo ni hospitali haraka, na mnaendelea kummwagia maji njiani, hakuna kusubiri apate nafuu. Haya anayarudia kila Jumamosi hadi tumeyakariri, na aendelee tu kuyarudia maana kila wiki kuna sura mpya.

Muda tunaondoka saa 12 kasoro robo alfajiri, saa 1 na nusu watu wanarudi kujiandaa na kazi. Jumapili ndo naipenda zaidi, tunavuka Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach, daraja lenyewe lilifunguliwa 2022 na lina kama kilomita moja juu ya maji, upepo wa bahari unapiga mpaka unajisahau, ila pale darajani hakuna kivuli kabisa na ule upepo unakufanya usione jasho unalopoteza, kwa hiyo kunywa maji hata kama husikii kiu. Tukimaliza ni madafu, na siku ya safari ndefu kuna wanaobeba maji waliyochanganya ORS ya famasi.

Kasoro zipo. Spika inapigwa alfajiri mitaani kwa sauti ambayo sio haki kwa wagonjwa na wenye watoto wachanga, na hili nimeshawaambia viongozi zaidi ya mara moja. Pia kundi linajaa barabarani gizani wakati reflekta wanazo wachache, bodaboda zinapita pembeni yako kabisa, mi nakaa katikati ya kundi na kuvaa tisheti nyeupe. Hilo la reflekta kwangu ni zito kuliko yote, michango ipo, zinunuliwe.

Msikimbilie kununua raba za laki mbili. Raba yoyote ambayo soli haijaisha na haipwayi kisigino inatosha, na nguo nyepesi, na chupa ya maji. Dada zangu mnaojistiri msiogope, tupo wengi tu na mitandio mepesi ya pamba. Na kama Jumamosi na Jumapili ndo siku zako pekee za kutoka na kundi, siku tatu nyingine tembea nusu saa mtaani kwako asubuhi, hapo unafikisha zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima. Mwezi wa Ramadhani ratiba inahamia usiku baada ya tarawehe, na tunatembea tu.