Puto la kamera mpaka kilomita 31 juu ya Dodoma: uzoefu wangu na vifaa tulivyotumia

Kwa anayetaka kununua vifaa leo, naanza na hili: pesa yako ya kwanza iweke kwenye kifaa cha kufuatilia, siyo kwenye kamera. Puto ukishalijaza gesi litapanda lenyewe. Kazi iko kwenye kulipata tena. Sisi tumerusha mara mbili, Juni na Agosti, kutoka kiwanja cha mpira nje kidogo ya Dodoma mjini, na safari ya kwanza ilitutesa kwa sababu ya kifaa kimoja kinachoenea kiganjani.

Mradi ni wa mtaa. Tulikuwa na wanafunzi wa sekondari 14, mwalimu wao wa fizikia, fundi cherehani, fundi redio, vijana wawili wa bodaboda wanaozijua njia za Bahi, magharibi ya Dodoma, na mimi niliyeshika daftari la michango. Tulichanga kwa miezi mitano. Gesi ya heliamu peke yake ilikula karibu nusu ya pesa, maana mtungi ulitoka Dar es Salaam na lazima urudishwe.

Seti tuliagiza nje: puto la mpira la gramu 1,000, parachuti, kamba na valvu ya kujazia. Puto ni la aina ileile wanayotumia watu wa hali ya hewa, ambao sehemu nyingi duniani hurusha mara mbili kwa siku, karibu na saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwa saa zetu. Puto hilo nalisifu bila kusita. Linapoondoka chini lina upana unaokaribia mita mbili. Kadiri hewa ya nje inavyopungua, gesi ya ndani inatanuka, mpaka upana unafika karibu mita nane, mpira unakuwa mwembamba mno, linapasuka. Usiliguse kwa mikono mitupu: kucha moja au mafuta ya ngozi yanatosha kulipasua mapema. Sisi tulitandika shuka safi uwanjani na wote wanaoshika walivaa glavu.

Kupima gesi tulifundishwa njia rahisi sana, nayo ni dumu la maji. Unapiga hesabu uzito ambao puto linatakiwa kuubeba mdomoni, ukijumlisha na ziada ya kulipandisha, unajaza maji mpaka dumu lifike uzito huo, unalifunga kwenye mdomo wa puto. Dumu likianza kuelea bila kupanda wala kushuka, funga gesi. Boksi letu lilikuwa na kilo moja na kidogo, na kwa ziada tuliyoweka puto lilipanda takriban mita 5 kwa sekunde. Ukipunguza gesi litapanda polepole na upepo utalipeleka mbali; ukizidisha litapasuka chini zaidi.

Parachuti iliyokuja kwenye seti haikuwa nzuri. Kamba zake zilikuwa laini na ndefu, zikijisokota hata ukizishika tu mkononi. Tulipoiangusha kutoka ghorofa ya tatu, mara mbili kati ya tano haikufunguka. Fundi cherehani wetu akaichukua, akashona nyingine kwa kitambaa cha mwavuli, akaweka tundu katikati ili isiyumbe, na kuzitenganisha kamba kwa pete ya waya. Hiyo ndiyo iliyoruka safari zote mbili, na boksi lilitua bila ufa.

Boksi lenyewe ni lile jeupe jepesi la kubebea samaki wabichi. Wengi huhofia baridi ya juu kabisa, kumbe baridi kali iko njiani. Katika ukanda wetu wa ikweta, kwenye kilomita 16 au 17, joto la hewa hushuka mpaka nyuzi 75 au 80 chini ya sifuri. Ukishavuka hapo na kuingia stratosfia, yaani tabaka la anga linalofuata juu yake, joto linaanza kupanda tena, kwa sababu ozoni inanyonya miale ya jua. Kwa hiyo betri zako zinatakiwa kuvumilia ule mwendo wa katikati. Betri za kawaida usizijaribu. Tulitumia betri ndogo za lithiamu zisizochajiwa kwa redio, na kwa kamera, GoPro ya kuazima, tuliweka benki ya umeme iliyofungwa kwa sponji pamoja nayo, hivyo joto la kamera likaipasha. Vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya tulivibandika karibu na lenzi ili isipate ukungu. Vilisaidia.

Sasa niseme ya Juni. Kwa kubana pesa tuliweka GPS ya bodaboda, ile yenye laini ya simu inayokutumia ujumbe pikipiki ilipo. Muuzaji alituhakikishia itafanya kazi popote. Haikufanya. Minara ya simu imeelekezwa kuhudumia watu walio ardhini. Puto lilipopanda kilomita chache tu, ujumbe ukakatika. Tulitegemea kwamba likitua litashika mtandao tena. Lilitua mahali pasipo na mtandao. Siku ile tulizunguka na pikipiki mpaka giza, kesho yake vilevile. Wanafunzi waliacha kuniuliza, na ukimya wao uliniumiza kuliko maswali.

Kilichotuokoa ni karatasi. Juu ya boksi tulikuwa tumebandika maandishi makubwa ya Kiswahili: hiki ni chombo cha wanafunzi, hakina madhara, ukikiona tafadhali piga namba hii. Siku ya tisa simu ikaita.

"Haloo. Nyie ndio wenye boksi jeupe lenye mwavuli?"

"Ndiyo, shikamoo mzee."

"Marahaba. Lipo kwangu. Nimelifunika na gunia, mbuzi walikuwa wanalitafuna."

Alikuwa mfugaji, ng'ambo ya mbuga ya Bahi, tambarare linalojaa maji wakati wa mvua, karibu kilomita 60 magharibi ya pale tuliporushia. Tulipofika alikataa zawadi ya pesa, akapokea sukari na majani ya chai, akatutaka tumweleze kila kitu kilichomo ndani. Kamera ilikuwa nzima. Lakini urefu lilipofikia hatukuujua, maana kinasa-njia tulichoweka ndani, kifaa kingine cha GPS kinachojiandikia chenyewe njia na urefu, kiliandika mpaka mita 18,000, kikanyamaza, kikaanza tena wakati wa kushuka. Fundi redio ndiye aliyetueleza sababu: vipokezi vingi vya GPS vinawekewa kikomo kiwandani, kilomita 18 kwa urefu au takriban kilomita 1,850 kwa saa kwa kasi, ili visitumike kuongoza makombora. Kuna vipokezi vinavyoruhusu ubadilishe mpangilio viwe vya kuruka angani, na hivyo vinafanya kazi mpaka kilomita 50. Kabla hujalipa, muulize muuzaji swali hilo moja. Akishindwa kulijibu, tafuta mwingine.

Kwa hiyo Agosti tulinunua kifaa cha redio cha LoRa, aina ya redio inayotuma ujumbe mfupi mbali sana bila mtandao wa simu, cha megahezi 433 chenye kipokezi cha aina hiyo. Ni kidogo, kinakula umeme kidogo, na kikiwa angani, pasipo mlima wala jengo mbele yake, mawimbi yake yanafika mamia ya kilomita. Antena mbili tulitengeneza wenyewe, moja uwanjani, moja kwenye gari lililotangulia Bahi. Hiki nakipa alama zote. Kila sekunde 20 namba zilikuwa zinashuka kwenye kompyuta, na mwanafunzi mmoja alikuwa anazisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Kuhusu vibali, usirushe kienyeji. Tuliandika TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa ajili ya anga, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya masafa ya redio, miezi mitatu kabla. Kanuni za kimataifa zinahesabu puto lenye mzigo chini ya kilo 4 kuwa jepesi, lakini Dodoma ina uwanja wa ndege na rubani ana haki ya kujua kuna kitu kinapita. Pia tulitoa taarifa kwa watendaji wa vijiji vya upande wa magharibi. Hilo tulilijifunza kwa yule mzee.

Njia tuliitabiri kwa programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, inayosoma data za upepo za NOAA, idara ya hali ya hewa na bahari ya Marekani. Ilikosea kwa kilomita 7 tu. Jambo lililonivutia hapa ni kwamba juu ya ikweta, huko stratosfia, upepo huvuma kutoka mashariki kwa muda, kisha hugeuka ukatoka magharibi, na mzunguko mzima huchukua takriban miezi 28. Maana yake usikariri safari ya mwaka jana. Pima upya kila mara.

Agosti hiyo tulirusha saa 1:20 asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka. Dakika 98 baadaye namba ya juu kabisa ilisomeka mita 31,240, kisha ikaanza kushuka kwa kasi. Uwanja mzima ulipiga kelele. Hewa ya pale ni kama asilimia moja tu ya hii tunayovuta, ndiyo maana parachuti mwanzoni haina cha kushika na boksi linaanguka kama jiwe, mpaka hewa iwe nzito ndipo linatulia. Vijana wa bodaboda walilifikia dakika 25 baada ya kutua, kwenye jaruba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Vipande vya mpira tuliviokota vyote, mifugo wasije wakavila.

Picha ziko vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Anga ni nyeusi ti na jua linawaka, ukingo wa dunia umepinda, na juu yake kuna utepe mwembamba wa buluu. Kimahesabu upeo wa macho kutoka pale uko zaidi ya kilomita 600, lakini vumbi la Agosti lilifunika mbali kote, Kilimanjaro hatukuiona. Bwawa la Mtera lilionekana wazi kusini, na mbuga ya Bahi ikiwa kavu, imepaukapauka.

Tulirudi kwa yule mzee na kompyuta. Aliangalia kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye ukanda mweupe ambao sisi kwenye ramani yetu tulikuwa tumeuandika mchanga. "Hapo ng'ombe wanalamba chumvi," akasema. "Na hii njia nyembamba ni yetu, ya kupeleka mifugo kunywa." Wanafunzi wakasahihisha ramani palepale, juu ya mapaja yao. Kisha akatuomba turushe tena mvua zikikatika, mbuga ikiwa bado imejaa, aone maji yanafika wapi. Mtungi wa gesi tumeshauagiza.